Gift: ndoa haikuitwa sumu

Kila msimu wa harusi unazuka tena mzaha ule ule, kwamba Wanorwei waliiona ndoa kuwa sumu, ndiyo maana neno lao gift lina maana zote mbili. Juzi mshereheshaji mmoja aliusoma kwenye simu yake mbele ya bibi harusi ambaye ndiyo kwanza ameketi, na ukumbi mzima ukacheka. Nakubali kwamba maneno hayo yanaandikwa sawasawa, na kwamba Wanorwei wenyewe huyafanyia utani. Hata hivyo, kuugeuza utani kuwa asili ya neno ni kuifuta historia ya wanawake wengi.

Mzizi wake ni kutoa. Wajerumani wana kitenzi geben, Wanorwei wana gi, na gift hapo kale ilikuwa tendo la kutoa au kitu kinachotolewa. Kijerumani cha leo kimeihifadhi maana hiyo katika Mitgift, yaani mali anayopewa binti aende nayo kwa mumewe.

Sumu iliingia kwa mlango wa waganga. Wagiriki walikiita kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa dosis, maana yake kutoa, Kilatini kikalichukua neno hilo, nao Wajerumani wakalifasiri kwa gift yao. Ni dosis hiyo hiyo iliyotufikia sisi kama dozi, ile tunayohimizana kuimaliza tunapotibiwa malaria. Kilichomo kikombeni kiliweza kuponya na kiliweza kuua, na aliyeogopa kukitaja cha kuua alitumia tafsida, akakiita tu kilichotolewa. Maana hiyo Wanorwei waliipokea kutoka kwa Wajerumani, kwani wao sumu waliiita eitr, neno ambalo masalia yake yamo hadi leo katika jina la buibui, edderkopp.

Maana ya ndoa, kwa hiyo, haikupitia kwenye sumu hata kidogo. Katika sheria za kale za Norwei, mtu mwenye haki ya kumwoza binti, ambaye kwa kawaida alikuwa baba yake, aliitwa giftingarmaðr, na binti akiwa gift maana yake ni kwamba ametolewa. Hapa ndipo ninapoumia, kwa sababu neno hili linatuonyesha nani alitoa na nani alitolewa, nasi badala ya kuuliza kama huyo aliyetolewa aliwahi kuulizwa, tunacheka.

Leo Mnorwei, awe mwanamume au mwanamke, husema kwamba yeye ni gift, na anayefunga ndoa husemwa gifter seg, yaani anajitoa mwenyewe. Neno lililokuwa la mzazi mwenye mamlaka limekuwa la maharusi wote wawili kwa usawa. Sisi bado tunasema huyu ameoa na yule ameolewa, na baba bado anamwoza bintiye.