Ukimuua, Mwachie Upinde

Waandishi wa hadithi tuna unafiki wetu. Tukiulizwa kwa nini tumemtendea mhusika fulani unyama ule, tunashusha pumzi na kusema halikuwa shauri letu: hadithi ndiyo iliyotaka hivyo, mhusika mwenyewe ndiye aliyejipeleka. Mimi siamini. Aliyemvunja mguu yule kijana wa bodaboda katika sura ya saba ni mtu mwenye kitambulisho, anakaa Umoja au Rongai, na alipomaliza kumvunja alikwenda kuinjika chai.

Wala sisemi asimvunje. Hadithi ambayo watu wake hawapatwi na lolote haisomeki. Ugomvi wangu ni na ule mtindo wa kupima uandishi kwa machozi ya mwandishi. Katika vikao vya kusomeana miswada hapa mjini Nairobi, kuna sifa moja inayozipita zote: "Hiyo sura niliandika nikilia." Watu wanatikisa vichwa kwa heshima, na sura imeshapita. Hata mzazi aliyemchapa mtoto kupita kiasi hulia baadaye, na alama za fimbo zinabaki palepale.

Hebu tuwatazame waliosimulia habari za Fumo Liongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili. Walimpenda, hilo halina shaka. Walimpa kimo, nguvu, ushairi, na ule ujanja wa kutoroka kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, akikata minyororo huku watu nje wakipiga ngoma na kuimba. Kisha wakamuua kwa njia chungu kuliko zote. Mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Lakini angalia walichokifanya baadaye. Liongo aliamka, akauchukua upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale. Akafia hapohapo, upinde ukiwa umevutwa. Mji mzima ukakaa na kiu kwa kuogopa kumsogelea. Mamake akaitwa aje ambembeleze, maana walidhani ana hasira tu.

Walimnyima uhai, upinde wakamwachia. Ndilo swali ninalomuuliza mwandishi yeyote anayeniletea mswada wenye msiba: baada ya kumuumiza mtu wako, umemwachia nini mkononi? Kama kazi yake iliyobaki ni kulia ili na mimi nilie, basi huyo ametumiwa.

Na tuseme ukweli, wapo tunaowaonea zaidi ya wengine. Msichana wa kijijini akiteremka tu Machakos Country Bus, kituo cha mabasi cha Nairobi, na mkoba wake, sisi wasomaji tunajua yatakayompata. Kwanza ni mjomba, halafu kazi ya nyumbani, halafu mwanamume mwenye gari, halafu mimba, halafu kitanda cha hospitali na maneno ya toba. Kakake aliyepanda basi hilohilo atakuwa mhasibu. Anayeandika hivyo atakwambia roho ilimuuma sana kumzika msichana yule, nami nakubali ilimuuma. Lakini mbona roho haikumuuma hata mara moja kwa kumzika mhasibu?

Watu hunijibu kwa kunitajia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambamo Rosa anaishia kujiua. Nimewahi kuisikia ikifundishwa kama onyo kwa wasichana, na kila nikisikia hivyo nakereka. Kezilahabi alishatuonyesha mapema kipigo cha Zakaria, baba aliyemwadhibu bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Unaweza kuufuata uchungu wa Rosa kinyumenyume hadi ukafika kwenye mkono uliouanzisha. Said Ahmed Mohamed naye, katika Utengano ya mwaka 1980, anamfungia Maimuna ndani ya nyumba ya baba, anamtupa mjini, anamchakaza, na bado anamrudisha akiwa na nafasi ya kuishi. Wote wawili wamewatesa wanawake wao kweli kweli, lakini hawakuwatesa ili kutupigia kengele ya nidhamu.

Sasa niseme ya kwangu. Nina mswada kuhusu mshonaji wa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, na sijawahi kumpenda mhusika kama ninavyompenda huyu mama. Katika mpango wa awali kulikuwa na mafuriko, na mtoto wake wa mwisho alikuwa achukuliwe na maji. Kabla sijafika sura hiyo, mvua za Aprili na Mei 2024 zikaja zenyewe. Nchi nzima ilizika watu zaidi ya 200. Mathare na Mukuru nyumba zilibebwa na maji, na zilizobaki karibu na mito zikafuatwa na tingatinga, kwa amri kwamba watu waondoke kandokando ya mto. Nikamtazama tena yule mtoto wangu wa kwenye karatasi. Hakuwa na wimbo anaoupenda, wala chakula anachokikataa, wala jino lililong'oka. Alizaliwa ili azame. Na nje kulikuwa na akina mama wenye majina ya kweli ya kutaja.

Nikamwacha hai, nikamtwika mamake msiba mwingine. Ni usiku, stima imepotea, maji yamefika magotini. Anapapasa chini ya cherehani yake ya miguu hadi anapata skrubu mbili zinazoshikilia kichwa, anazilegeza gizani, anavua mkanda, anakinyanyua kichwa cha cherehani na kukifunga mgongoni kwa leso. Meza na pedeli zinabaki. Mtoto, ambaye siku zote ndiye hubebwa mgongoni, anatembea mwenyewe ndani ya maji ameshika sketi ya mama. Kwenye kona ya nyumba zinaelea yunifomu za shule za watu, nusu zimeshonwa, na malipo ya awali yalishaliwa.

Nilipoisoma sura hiyo kikaoni, mmoja wetu mwenye umri, aliyefundisha fasihi miaka mingi, aliniambia, "Dada, umemhurumia. Hapo palikuwa pa kifo."

Nikamwambia, "Mwalimu, kifo kingemfungia hadithi. Kesho asubuhi wenye yunifomu watakuja kudai, na hana meza, na chama cha akina mama cha kukopeshana kinamdai. Sasa ndiyo anaanza kuteseka."

Hakukubali, wala sikutarajia akubali. Alisema nimeona haya tu kwa sababu ya mafuriko ya kweli, na kwamba mwandishi akianza kuona haya afunge daftari. Ana hoja. Waandishi wanaowalinda watu wao kama mayai nao wapo, na vitabu vyao vinachosha kuliko vya walizaji: shujaa anafutwa kazi Jumatatu, Jumatano kapata nyingine yenye mshahara mnono. Lakini pale tunapomuua mtu kwa sababu tu tumeishiwa na la kumfanyisha, tusijiite majasiri.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi hadharani, nalo ni hongo. Mwandishi akishapanga kumuua mtu anayempenda, huanza kumhonga. Humpikia kuku. Humpatanisha na nduguye waliyekosana miaka. Humnunulia viatu vipya. Wasomaji walishatugundua zamani. Mhusika akianza tu kucheka sana na kula vizuri, wanajua siku zake zimehesabika. Mimi mwenyewe sijapona ugonjwa huo, na sidhani nitapona.

Maana katika mswada huohuo kuna mzee, mlinzi wa usiku wa ghala moja Industrial Area, ana rungu, redio ndogo na thermos ya strungi, chai isiyo na maziwa. Yeye ndiye humhifadhia yule mama kichwa cha cherehani baada ya mafuriko. Atauawa na wezi katika sura ya kumi na tisa. Nimetafuta kila namna ya kumwokoa na kila namna inaubomoa mwisho wa kitabu. Kwa kipimo changu mwenyewe, kifo chake hakina upinde: anapigwa kichwani kwa nyuma, hajui kilichompiga. Nimejaribu kumpa neno la mwisho, nikalifuta, kwa sababu walinzi wanaouawa usiku Industrial Area hawapewi neno la mwisho. Basi nimemwongezea simu moja na bintiye aliye Busia, wanazungumza kuhusu mbolea na bei ya mahindi. Ni hongo, najua, na Mwalimu ataiona mara moja. Siifuti.