Kocha Kasema Ndani!

Jamani, katika ulimwengu huu mwanamume anayenielewa ni mmoja tu, naye ni Sven Kramer, bingwa wa mbio za kuteleza kwenye barafu. Bahati mbaya yeye mwenyewe hanijui. Na si kwamba tuko mbali. Kazaliwa hapahapa Heerenveen, jimbo la Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, mwaka 1986. Mimi mji huu nimeletwa na mke aliyepata kazi ya uuguzi, nikabakizwa na mkopo wa nyumba.

Miji mingine ina sifa ya soko, au pweza, au wezi. Huu una sifa ya ukumbi wa barafu, unaitwa Thialf. Yaani nje baridi inakukata masikio, halafu mtu mzima na akili zake anatoa hela mfukoni, analipa kiingilio, aende akakae kwenye baridi nyingine ya ndani, inayotengenezwa kwa umeme! Utotoni kwetu Tanga barafu ilikuwa ya ubuyu, unaing'ata pembe ya mfuko unafyonza. Hawa wanaivalia visu miguuni.

Na usithubutu kulalamikia baridi mbele ya jirani yangu, mzee wa mlango wa pili. Ukisema baridi imezidi, yeye anasema haijatosha. Anaisubiri ile safari yao ya miji kumi na moja, kilomita kama 200 juu ya mito na mifereji iliyoganda. Barafu lazima ifike unene wa sentimita 15, na mara ya mwisho safari ilifanyika mwaka 1997. Tangu hapo kimya. Lakini viatu vya mzee vimenolewa, vinaning'inia nyuma ya mlango, na usiku mmoja tu maji yakishika utando utamwona mferejini kachuchumaa na rula.

Mzee huyu akikukaribisha kahawa, anafungua kopo la biskuti, unachukua moja, na kabla mkono haujarudi kopo limefungwa, kap! Kisha anaanza kukusimulia Olimpiki ya Vancouver, kule Kanada. Hasemi mwaka 2010, anasema "siku ile", na sauti inashuka kama anatoa taarifa ya msiba.

Siku ile ilikuwa mita 10,000. Wanateleza wawili wawili, mizunguko 25. Kuna njia ya ndani na njia ya nje, na kwa kuwa ya ndani ni fupi, kila mzunguko lazima wapishane: aliyekuwa ndani anatoka nje, wa nje anaingia ndani, asipunjwe mtu. Hesabu ya chekechea. Tabu ni kwamba anayeifanya kainama karibu robo saa, mgongo kama anatafuta shilingi iliyomdondoka, mapaja yanawaka moto, na pembeni ukumbi mzima unapiga kelele.

Imebaki kama mizunguko minane. Sven anaongoza kwa mbali, rekodi ya dunia ya umbali ule ni yake tangu 2007, 12:41.69, dhahabu imeshamjua jina. Anajielekeza njia ya nje, sawasawa kabisa, kama inavyotakiwa. Hapo ndipo kocha wake, Gerard Kemkers, anapomnyooshea mkono na kupiga ukelele: ndani! Na huyu Kemkers si mpita njia na baiskeli yake. Mwenyewe alichukua shaba ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Calgary mwaka 1988. Mtu wa namna hiyo akikwambia ndani, utaanzisha mjadala? Sven akakata kona ya ghafla, akaingia ndani.

Akaendelea kuteleza mizunguko yote ile, maskini, hajui kama mbio zimeshakufa: ukikosea njia, unafutwa. Akamaliza kwa 12:54.50, akanyanyua mikono. Kocha akamfuata, sura si yake. Sven kusikia, akaivurumisha miwani. Dhahabu ikaenda kwa Lee Seung-hoon wa Korea Kusini, aliyetumia 12:58.55. Sven kampita sekunde nne na bado kakosa!

Sasa njoo kwangu. Nafanya kazi ghalani, na msimamizi wangu simtaji jina kwa sababu mkataba wangu bado haujahuishwa. Siku hiyo kaniambia peleka paleti hizi mlango wa nne. Nikamuuliza, "Wa nne?" Akasema, "Wa nne, wa nne, fanya haraka!" Nikapeleka. Lori la mlango wa nne likafunga milango, likaondoka zake Ubelgiji, likamshushia muuza vigae vya bafuni chakula cha mbwa. Nani kaandikiwa barua ya onyo? Msimamizi? Thubutu! Na mimi hakuna kamera iliyonimulika, wala taifa lililonililia. Hata cha kuvurumisha sikuwa nacho. Kofia ngumu ni mali ya kampuni, ukiitupa wanakukata mshahara.

Nikamweleza mzee, nikijua huyu msiba kama huu anaujua. Kumbe! Ananiambia kosa la Kemkers sawa, lakini Sven naye alipaswa kujua yuko wapi, mteleza barafu anahesabu mwenyewe. Anahesabu nini, mzee wangu? Mimi nikifika ghorofa ya tatu na mfuko wa viazi jina la mwanangu linanitoka, nalianza kwa herufi ya kwanza. Tulizozana mpaka kahawa ikapoa, na biskuti ya pili, kama kawaida, haikutokea.

Nyumbani nako huyohuyo Sven ndiye fimbo ninayochapiwa. "Baba Zuhura, mwenzio Sven kachukua ubingwa wa dunia wa jumla mara tisa, wewe taka tu kuzitoa hutaki." Mara tisa ni kweli, kuanzia 2007 hadi 2017, na huo wa jumla unateleza mbio nne, kuanzia mita 500 mpaka hizohizo 10,000. Lakini mama, Sven ni mtoto wa Yep Kramer, naye mteleza barafu wa timu ya taifa. Mimi baba yangu fundi cherehani. Walete mashindano ya kupinda suruali tuone nani atapanda jukwaani.

Na anayenichapa ndiye Kemkers wangu. Tukitoka na baiskeli, mimi mbele, yeye nyuma anaamuru. "Kata kushoto!" Nakata. "Mbona umekata kushoto?" Sven katika mizunguko 25 alipotoshwa mara moja, dunia nzima ikasimama. Mimi napewa amri za kupotosha kipilefti kimoja tu na nikitokea upande mwingine napigiwa honi na basi, na yeye yumo anayeniuliza macho yangu nimeyaweka wapi.

Kinachoniuma zaidi ni alichofanya Sven baadaye. Watu walitegemea Kemkers atafungashiwa virago. Hakumfukuza! Wakaendelea pamoja mpaka Sochi 2014. Msimu uliofuata Vancouver aliukosa wote kwa maumivu ya mguu, akarudi, akachukua ubingwa wa dunia kama vile hakuna kilichotokea. Mita 5,000 alibeba dhahabu ya Olimpiki tatu mfululizo: Vancouver, Sochi, Pyeongchang. Lakini zile 10,000 hazikurudi tena. Sochi kawa wa pili nyuma ya Jorrit Bergsma, Mholanzi mwenzake. Pyeongchang kawa wa sita. Beijing 2022 akaaga bila medali. Ana medali tisa za Olimpiki, nne za dhahabu, na mbio aliyoimudu kuliko wenzake haimo kwenye hizo dhahabu.

Mama Zuhura akiisikia habari ya Sven kumsamehe kocha, anatabasamu, anakunja mikono, ananiangalia. Hasemi kitu. Mimi najua anachosema.

Sasa juzi kaja na karatasi. Katuandikisha mafunzo ya kuteleza kwenye barafu, pale Thialf, darasa la wanaoanza, na wengi wao ni watoto wanaosukuma viti mbele wasianguke. Nikamwambia sawa, tutaanguka wote, ndoa ndiyo hiyo. Akasema hapana, nimeelewa vibaya, kulipia kalipia mtu mmoja tu. Yeye atasimama pembeni anielekeze.