Kwa Wakwe Halali Mtu

Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, na kabla hatujafika mbali nataka ijulikane kwamba na Kolombia sina neno. Kolombia imempa binti yangu mume, kijana mpole mwenye adabu, anayenipigia simu kila Ijumaa kuniambia "shikamoo baba" kwa lafudhi ya kwao, nami namwitikia marahaba yake kamili. Neno langu liko na hoteli.

Nuru anafanya kazi Toronto. Huko ndiko alikompata huyu kijana wa Cartagena, mji wa pwani ya Kolombia, na huko ndiko walikofunga nikahi. Sasa wazazi wa kijana wanataka tuonane. Wao wazee, safari ya Mombasa hawaiwezi. Sisi, kwa hesabu za Nuru, magoti yetu ni mapya. Wakasema kwa wema kabisa: njooni, mlale kwetu, vyumba vipo. Mama Nuru akaitikia kabla sijameza mate. Nikamuuliza, Mama Nuru, neno hilo umelipima? Nilale kwa wakwe? Niamke alfajiri na kikoi changu natafuta choo, nigongane ujiani na mama mkwe wa mwanangu? Kwa wakwe mtu hunywa kahawa, husifu chakula, huaga mapema. Basi kwa kuwa aliyekataa ni mimi, kazi ya kutafuta hoteli nikapewa mimi.

Kijana alianza kwa kunitumia picha ya ukuta. Baba, mji wetu una ukuta, kama kilomita 11, afadhali mlale ndani ya ukuta. Nikamuuliza, aliyeuanzisha nani? Akajibu kwa fahari: Mfalme Philip wa Pili wa Hispania. Wallahi nilicheka peke yangu pale barazani. Huyo mbona namjua! Mimi jirani yangu ni Fort Jesus, na tangu utoto nawasikia waongoza watalii wakihubiri: ngome imejengwa 1593 hadi 1596, Mreno wakati huo yuko chini ya mfalme huyo huyo, maana taji la Hispania na la Ureno yote alikuwa nayo yeye, na aliyechora ramani ni Mwitaliano, Cairati. Kule kwa wakwe, Mwingereza Francis Drake aliuvamia mji mwaka 1586, akachoma majumba, akakaa wiki kadhaa, na hakung'oka mpaka alipohesabiwa ducat 107,000, pesa za zama hizo. Mfalme akashtuka, akampeleka Mwitaliano mwingine, Battista Antonelli, akapime boma. Na mawe yake? Matumbawe, kama haya niliyoegemea.

Huyo Drake, kwa uchunguzi wangu, ndiye mgeni pekee aliyelala Cartagena kisha akalipwa yeye. Tangu hapo tunalipa sisi.

Nikafungua simu. Hoteli ya kwanza: nyumba ya wakati wa Wahispania, mtaa wa San Diego, ndani ya ukuta. Ua katikati, roshani ya mbao, mlango mkubwa wenye mjusi wa shaba wa kugongea. Mama Nuru akaipenda papo hapo. Nikaitazama ile picha, nikainua uso nikautazama ua wetu, nikarudi kwenye picha. Boriti za dari zilezile. Kuta nene zilezile, za kupigwa chokaa kila mwaka na bado zinabanduka. Ngazi za wima bila lifti. Halafu maelezo ya chumba, yameandikwa kwa herufi za kutafutiwa miwani: chumba cha ndani, hakina dirisha.

Sasa mimi, jamani, chumba cha ndani kisicho na dirisha nimelala mpaka siku niliyooa. Marehemu baba hakunitoza hata senti, na asubuhi akinipa mkate wa mofa. Huyu ananitaka $620,000 kwa usiku mmoja.

Hapo lazima nieleze, maana Mama Nuru alipoiona hiyo namba alikaa chini. Wakolombia pesa yao ni peso, lakini alama wanayoiandikia ni ileile ya dola. Hawasemi, hawaweki herufi ya pembeni, wanakuachia tu presha yako ipande. Nuru akatufafanulia: dola moja ni kama peso 4,000, kwa hiyo hiyo laki sita na ushei ni karibu shilingi 20,000 za Kenya. Mama Nuru akashusha pumzi, akasema, "Aa, kumbe rahisi!" Ndivyo wanavyouza. Wanakutisha kwa mamilioni kisha shilingi 20,000 inaonekana sadaka.

Na bado kuna kodi. Hoteli za kule zina kodi ya asilimia 19, ila mgeni wa kigeni asiye mkazi anasamehewa, akionyesha pasipoti yenye muhuri wa kuingia. Vizuri. Lakini programu moja inakuonyesha bei na kodi ndani, nyingine bila kodi, na ya tatu inakuonyesha bei kama ya bure halafu inakuja kuongeza bima ya hoteli mlangoni. Nilikaa na kalamu na nyuma ya bahasha ya bili ya stima, nikalinganisha, nikagundua hoteli tatu nilizokuwa nikizilinganisha ni hoteli moja.

Maji ya moto nayo. Hoteli nyingi za bei ya kadiri kule hazina maji ya moto bafuni. Wageni kutoka nchi za baridi wanalia kwenye maoni kurasa kwa kurasa. Hili peke yake sikulilalamikia. Mji wenye nyuzi 31 mwaka mzima, jasho linakutoka ukiwa umekaa, maji ya moto ya kumchemshia nani? Hapo wenye hoteli wako sawa, na nimemwambia Nuru awafikishie.

Kijana akaona nasuasua, akapanda daraja. Baba, ipo Santa Clara. Ilikuwa nyumba ya watawa, imejengwa 1621, leo ni hoteli kubwa, na mwandishi García Márquez nyumba yake iko hapo jirani. Nikaiangalia bei. Hebu fikirini: wale masista waliingia mle wakala kiapo cha umaskini, na leo maskini hawezi kupita hata langoni akaulizie saa ngapi. Nikataka kusema hapana kwa heshima, lakini Mama Nuru, aliyekuwa akisoma juu ya bega langu, alinitangulia. Alikuwa amefika mahali panaposema kwamba ndani ya baa ya hoteli kuna kaburi la chini kwa chini la masista. Ndani ya baa! Mama Nuru ni mtoto wa Kibokoni, mambo ya majini ameyanyonya ziwani. Akasema yeye halali juu ya maiti wala halali juu ya pombe, na vyote viwili kwa mkupuo mmoja ni kumwita shetani kwa jina lake. Faili likafungwa.

Kuna nyingine nzuri karibu na Mnara wa Saa, imetazama uwanja wa Plaza de los Coches. Maua roshanini, taa za njano, peremende zinauzwa chini ya matao. Kijana mwenyewe ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini, kwamba uwanja ule ndipo watu waliposhushwa kutoka merikebuni wakauzwa. Cartagena ilikuwa bandari kuu ya biashara hiyo kwa Wahispania, wengi wakitolewa Kongo na Angola. Sikumjibu lolote la mzaha. Na sisi pwani yetu inayo viwanja vyake. Niliipita ile hoteli bila kuuliza bei.

Hapo akaingia Twalib, kitindamimba, aliyekuwa amelala kwenye kochi huku masikio yake yakisikiliza. "Baba, nendeni Getsemaní." Getsemaní zamani ulikuwa mtaa wa mafundi na watu weusi huru, mhunzi wao, Pedro Romero, ndiye aliyewatoa watu barabarani siku ya kudai uhuru, tarehe 11 Novemba 1811, na sanamu yake ipo uwanjani pale. Mpaka hapo nilimuunga mkono. Lakini akina Twalib wa dunia nzima wameugundua huo mtaa. Sasa una michoro ukutani, miavuli imetundikwa juu ya kichochoro, na vijana wanakaa kwenye uwanja wa Trinidad wanakunywa mpaka usiku wa manane. Bei za vitanda ni nzuri kweli. Nikauliza, mbona wameandika kitanda, hawakuandika chumba? Twalib akanieleza kwamba ni bweni, vitanda vya ghorofa, watu wanane, mchanganyiko. Mchanganyiko wa nini? Akanyamaza. Mimi na umri huu na Mama Nuru na mtandio wake tupande kitanda cha juu, chini yetu kalala Mdachi?

Halafu kelele. Kule wana muziki wao wa champeta, wanaupiga kwenye maspika ya kimo cha kabati wanayoyaita picó. Twalib akanichezea mmoja nisikie. Wallahi gitaa lile nalijua! Ni Kongo tupu. Kumbe miaka ya 1970 mabaharia walishusha sahani za santuri za Kiafrika bandarini, Wacartagena wakazishika hawajaziachia mpaka leo. Mama Nuru alitikisa bega kidogo, nikamwona. Lakini mimi rumba la Kikongo nimelikimbia kwa jirani yangu wa ghorofa ya pili, siwezi kupanda ndege kuvuka Atlantiki kulifuata.

Ikabaki Bocagrande. Bocagrande ni minara mitupu imejipanga ufukweni, lifti zipo, madirisha yapo, eisi ya kupoza hewa inafanya kazi. Magoti yangu yalisema ndiyo. Mama Nuru akasema, huku si kwenda Cartagena, huku ni kwenda Nyali yetu ya hapa Mombasa. Nikamwambia Nyali kuna lifti. Kisha kijana, kwa kuwa ni mkweli kupita kiasi, akaongeza kwamba mchanga wa pale ni wa kijivu, mweupe uko Barú, au visiwani Rosario, mpaka upande boti. Kwamba maji ya bahari yakijaa sana baadhi ya mitaa ya Bocagrande nayo hujaa, bila hata tone la mvua. Na kwamba ufukweni ukikaa tu, anakuja mama mmoja anakushika mguu anaanza kukukanda, anakwambia hiki cha kuonja ni bure, kisha akimaliza anakutajia bei. Mama Nuru akaifunga simu. Hakuna mwanamke wa kumkanda mume wake mguu, wa kuonja wala wa kulipia.

Tarehe nazo zina mambo yake. Krismasi hadi Januari upepo ni mzuri, na bei nzuri vilevile, kwa mwenye hoteli. Pasaka hapashikiki. Novemba kuna sherehe za uhuru na mashindano ya urembo, mji mzima unajaa warembo na waangalia warembo. Ipo Oktoba, bei imeshuka chini kabisa. Nikafurahi sana, nikamuuliza kijana kwa nini. Akasema, baba, Oktoba ndiyo mvua.

Nikiwa nimekwama hapo, sijachagua na sijakataa, ukaja ujumbe mrefu kwenye grupu la familia. Kumbe huko Cartagena mama mkwe wa Nuru alikuwa amesikia yote, neno kwa neno, mwanawe anamtafsiria. Hakuudhika. Alivaa viatu akatoka akaenda mwenyewe kuzikagua hoteli kwa miguu, akibonyeza magodoro, akifungua mabomba, akiwauliza wapishi kama mafuta ya kukaangia arepa, mikate yao ya mahindi, yamewahi kugusa nguruwe. Ameipata moja. Ndogo, safi, kisiwani Manga, mtaa uleule wanaoishi wao, daraja moja tu kufika mji wa kale. Chumba cha chini, hakuna ngazi. Eisi ipo. Kelele hakuna. Kaburi hakuna. Mama Nuru ameshalipa, na pesa hairudishwi.

Kisha Nuru akatuma picha aliyoipiga mama mkwe kutoka ndani ya chumba chenyewe. Dirisha kubwa, pazia jeupe, na ng'ambo ya kichochoro, karibu kabisa, dirisha jingine liko wazi: jiko, sufuria inatoa moshi, baba mkwe amevaa singlendi anapungia mkono. Ni kwao. Wamesema watakuwa wanatupitishia wali wa nazi hapo hapo dirishani, wa kwao wenye sukari na zabibu, na kwamba nikiamka tu wataniona.

Nimemwandikia mwenye hoteli kumuuliza kama ana chumba kisicho na dirisha.