Jukwaa la Mtaa Liwe la Wenye Mtaa

Juzi nimesikia tena kauli inayonichoma: mtaa umechakaa, mitaro imeziba, vijana hawana kazi, halafu kuna watu wanaomba fedha za kuigiza! Kauli hiyo ilitosha kuzima ombi dogo la kikundi cha maigizo, na mkutano ukaendelea na mengine.

Kama maigizo ni upuuzi, mbona Kamiriithu ilipelekewa polisi? Najua, kile ni kijiji cha Limuru, Kenya, si mtaa wa mjini. Lakini mwaka 1977 wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwandani walijijengea pale ukumbi wa wazi wa kuchukua watu wapatao 2,000. Waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walileta rasimu ya mchezo, wenyeji wakaichambua: wazee wakanyoosha lugha, wafanyakazi wakasahihisha habari za kazi zao wenyewe. Mazoezi yalifanyika hadharani, na aliyepita njiani aliweza kusimama akakosoa. Serikali ikafuta kibali cha kuonyesha mchezo huo mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Watu waliozoea kuambiwa walikuwa wameanza kusema, tena mbele ya majirani zao. Mtaa uliokata tamaa unahitaji hilo kabla ya rangi mpya ukutani.

Ndiyo maana siwezi kuyaita maigizo ya mtaa yale yanayoshushwa na gari asubuhi, ujumbe umeshaandikwa ofisini, fulana zimegawiwa, na jioni gari limeondoka. Mkazi amepiga makofi, basi. Hakuna aliyemuuliza kinachomnyima usingizi.

Na hao wenye hoja ya mitaro wamtazame Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil. Alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, vikundi vya wakazi viliigiza kero zao, watazamaji wakapanda jukwaani kujaribu suluhisho, na mapendekezo yao yakapelekwa barazani. Zilipatikana sheria 13. Mtaro nao unaweza kuigizwa hivyo hivyo, diwani akiwa ameketi mstari wa mbele.

Jengo lisiwe kisingizio. Market Theatre ya Johannesburg ilianza mwaka 1976 katika soko kuukuu la matunda.

Kuna jambo moja nalikubali shingo upande: mtaa ukichangamka, kodi za nyumba hupanda. Vidigal, mtaa wa mlimani hukohuko Rio ambako kikundi cha Nós do Morro kimekuwa kikifundisha uigizaji tangu 1986, umeonja hilo, ingawa si maigizo peke yake yaliyoleta wageni wenye fedha. Kwa hiyo ulinzi wa wapangaji ujadiliwe tangu siku ya kwanza, na ukumbi uandikishwe kwa jina la wakazi, si la mfadhili wala la halmashauri. Ufunguo akae nao mtu anayelala mtaani hapo.