Vihiga Haijaelemewa na Watoto, Imemalizwa na Kamba ya Kupimia

Huku Ujerumani, ukisema umetoka magharibi mwa Kenya na mazungumzo yakagusa umaskini, jibu huwa tayari: Waafrika mnazaa mno. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wenyewe tulio ughaibuni tumeyaokota maneno hayo, tunawarudishia ndugu zetu kila wanapotuma ombi la karo.

Hesabu zinakataa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 3.4. Dunia nayo ilipofikisha watu bilioni 8, Novemba 2022, mafukara wake walikuwa wachache mno kuliko wa 1990, ilipokuwa na watu kama bilioni 5.3.

Msongamano upo, sikatai. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti ya Vihiga, huko magharibi mwa Kenya, zaidi ya watu 1,000 kwa kilomita moja ya mraba. Ujerumani ni kama 240. Lakini tazama ardhi yenyewe inavyokatwa. Babu alikuwa na ekari 4 na wana 5, kila mmoja akapata 0.8. Kila mwana naye akawagawia wanawe wanne: 0.2 ya ekari kwa kila mmoja. Toa nyumba, choo, zizi, njia ya jirani, makaburi ya wazee, na ule mstari wa mikaratusi mpakani unaonyonya maji na kutia kivuli. Pa kulima panabaki kama sehemu moja ya nane ya ekari.

Mahindi yakipandwa sentimita 75 kwa 25, mbolea ya kupandia ya DAP ikaingia shimoni na ile ya kukuzia ya CAN ikafuata yanapofika magotini, ekari hutoa kama magunia 20 ya kilo 90. Kipande hiki basi ni magunia mawili na nusu. Familia ya watu 6 hula karibu gunia moja kwa kila mtu kwa mwaka. Yakivunwa Agosti, Januari ghala ni tupu, na hapo hawajauza hata gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, kwa ajili ya karo. Wakiuza wakati wa mavuno ni kwa bei ya chini, kisha wanayanunua tena Mei, gorogoro kwa gorogoro, bei ikiwa imepaa. Mama wa familia hiyo hata akiwa na watoto wawili tu, shamba haliongezeki.

Hapa Ujerumani, katika jimbo la Niedersachsen, kuna sheria ya urithi iitwayo Höfeordnung: shamba huenda kwa mrithi mmoja, wenzake hulipwa fidia. Shamba la wastani la Ujerumani lilikuwa hekta 63 mwaka 2020. Wasiorithi walikuwa na viwanda na vyuo vya ufundi vya kuwapokea, na hapo ndipo kwetu penye pengo. Mwaka 2024 Wajerumani walizaa wastani wa watoto 1.35 kwa kila mwanamke, na Septemba mwaka huo walitia saini mkataba na Kenya wa kupata wafanyakazi.

Siombi tuige sheria hiyo ilivyo. Sheria yetu ya urithi, inayotumika tangu 1981, inawapa mabinti haki sawa na wana, na isiguswe. Ila hakuna panapolazimisha ardhi ikatwe vipande. Inaweza kubaki shamba moja lenye namba moja ya usajili, kila mrithi na hisa yake kwenye hati, nyumba zikisogezwa pamoja kando ya barabara, na sehemu nyingine ikalimwa nzima.

Kinachokwamisha ni hati kubaki kwa jina la babu aliyefariki: hapo hakuna mkopo wala mauzo halali, na ndugu hawezi kumlipa nduguye hisa. Anzeni na cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, mabinti wakiwemo, na upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi. Ombi likishafika mahakamani, tangazo hukaa siku 30 kwenye gazeti rasmi la serikali. Hati ya usimamizi wa mirathi huthibitishwa kwa kawaida baada ya miezi 6 tangu mahakama iitoe, na orodha ya mgao huandikwa wakati huo. Aliye ughaibuni alipie kazi hiyo kabla ya kutuma pesa za simenti, na orodha hiyo aisome jina kwa jina kabla haijatiwa saini.