Daktari wa Meno Aliyeniuliza Nimekulia Wapi

Nilipohamia Dodoma mwaka 2019 kufuata kituo cha kazi, nilipata nyumba, shule ya watoto na fundi cherehani ndani ya mwezi mmoja, lakini daktari wa meno sikumtafuta mpaka gego la chini liliponinyima usingizi. Nilikimbilia kliniki iliyokuwa karibu na nyumbani. Daktari alilitazama jino, akasema ling'olewe, akanichoma sindano ya ganzi, na haikuchukua muda nilikuwa nje nimeuma pamba. Hakupiga picha, wala hakuniambia kwamba jino lililooza hadi ndani linaweza kusafishwa mzizi na kuzibwa, mradi halijabomoka mno. Leo gego la juu linashuka kulifuata pengo, na lile lililokuwa nyuma ya jino lililong'olewa limeanza kulala.

Tangu hapo ninashikilia kwamba daktari wa meno atafutwe wakati meno hayaumi, na apimwe kwa maswali anayouliza kabla ya kushika koleo. Najua wengi wetu huanza na bei, au huuliza kwanza kama kadi ya bima inapokewa, na siwalaumu, kwa kuwa kutibu mzizi ni ghali kuliko kung'oa na huenda ukahitaji kurudi zaidi ya mara moja. Lakini mwenye maumivu hana nafasi ya kupima lolote. Huketi kwenye kiti cha yeyote aliye karibu, kama nilivyofanya mimi.

Daktari niliye naye sasa alinifungua mdomo, akayaona madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele, akauliza: "Mama, umekulia wapi?" Nikamjibu kwamba nimekulia Singida, na kwamba utoto wangu wote tulikunywa maji ya kisima. Miaka mingi nilikuwa nimeambiwa nisugue zaidi, nami nikasugua hata kwa mkaa na chumvi mpaka fizi zikatoka damu. Yeye ndiye wa kwanza kunieleza kwamba ni floraidi, madini ambayo yakizidi kwenye maji huharibu tabaka gumu la nje la jino wakati jino lenyewe bado linajengeka ndani ya ufizi, takribani hadi mtoto afikishe miaka 8, na kwamba doa la namna hiyo haliondoki kwa mswaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji, na kuyachemsha hakuipunguzi. Sisi wa kanda ya kati tunahitaji daktari anayejua kuuliza habari za kisima.

Vifaa vyake alivitoa kwenye pakiti iliyofungwa, akaifungulia mbele yangu, akanionyesha alama iliyobadilika rangi kwa joto la mashine ya mvuke. Sikuwa nimemwomba.

Kisha akauliza umri wa mwanangu. Niliposema miaka 6, akaniagiza nimlete, kwa sababu gego la kwanza la utu uzima huota umri huo nyuma ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka, na wazazi huliacha lioze wakidhani litabadilishwa. Nilimpeleka Jumamosi. Lilikuwa limeshachomoza upande wa kushoto, jeupe, na mimi mama yake sikuwa nimeliona.