Kasiksi haipandi basi

Bibi yangu, yaani mke wangu, ndiye aliyekataa hoteli. Mimi nilikuwa nimeshapanga kila kitu: meza ya kando ya maji, samaki wadogo wa sambaza wa kukaanga, bia mbili za Primus, kisha nyumbani kabla ya giza. Akaniambia, "Papa Neema, kila mwaka tunaliangalia ziwa hilo hilo. Hata lenyewe limetuchoka."

Basi tukatoka Bukavu kuelekea Mudaka, kule Kabare, kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa watu wanaoitengeneza. Ilikuwa Agosti 2024, kabla barabara hiyo ya Kavumu haijaanza kutajwa kwa habari za vita.

Niseme wazi: mtu wa Bukavu ambaye hajapanda Kabare kunywa kasiksi, bado hajainywa. Ile ya bidoni ya njano tunayouziwa mjini ni ndugu yake wa mbali. Kinywaji hiki hakiachi kuchacha kwa sababu wewe umefunga kifuniko. Njiani kinatikiswa, kinapata joto, na siku ya tatu kinageuka siki. Muuzaji afanye nini? Anatia maji, anatia sukari. Wafaransa huifungia divai yao kwenye chupa, wakailaza gizani miaka kumi, bei ikapanda. Kasiksi ya Jumamosi haikungoji hata Jumanne.

Kwa mzee wa kwanza tulikaa karibu masaa matatu, na sijutii hata dakika moja. Alitufukulia shimo lake: majani ya mgomba chini na juu, udongo, harufu ya moshi. Ndizi huingia humo zikiwa mbichi na kukaa siku nne hadi sita, mpaka wanga ugeuke sukari. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na nyasi. Nilidhani nyasi ni za kuchujia tu. Mzee akacheka, akaniachia konzi ya ndizi tupu nikande mwenyewe. Nikakanda, nikapata uji. Akatupia nyasi kidogo, akakamua mara mbili, na maji ya dhahabu yakaanza kumtiririka vidoleni. Hayo ndiyo mutobe, ambao watoto wa nyumba walikuwa tayari wamekuja kuungoja na vikombe. Unaobaki huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, ukalala usiku mmoja au mbili ndani ya mti uliochongwa kama mtumbwi.

Bibi yangu alitaka kukata jani la kukalia. Mzee akamshika mkono. "Hapana, mama, kisu hicho sikijui." Akakipitisha kwanza kwenye moto. Bakteria wa mnyauko wa migomba, wale walioonekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, huhama na kisu kutoka shamba hadi shamba. Akatuonyesha kisiki kimoja: ukikikata, kinatoa utomvu wa njano mzito kama usaha. Mashina kumi na manne aliyang'oa mwenyewe, na akayataja moja moja kwa mahali lilipokuwa.

Nyumba ya pili ilikuwa imeishiwa. Tulisalimia, tukapita.

Ya tatu ndiko tulikokunywa vizuri. Mama mwenye nyumba alitangulia kupiga funda yeye, ndipo akatupa kibuyu. Kwetu, ambako karuho, sumu ya kutiliwa kwa siri, hutajwa hata mtu akishikwa na mafua, hakuna karibisho linalozidi hilo. Nasikia kwenye mashamba ya mizabibu mgeni huonja kisha akatema, ili aendelee kuonja. Jaribu kutema mbele ya mama aliyeamka alfajiri kukamua! Ilikuwa nzito, chachu kidogo, na nyuma yake moshi wa mtama. Mirija miwili, kibuyu kimoja. Wazee waliokuwa kwenye benchi walitukodolea macho, maana mwanaume huja hapo na wenzake, bibi hubaki nyumbani. Bibi yangu akawasalimia kwa Mashi, lugha ya huko, akaendelea kuvuta. Miaka kumi na moja ya ndoa, na sikujua kwamba anaweza kunishinda.

Ila alikosea jambo moja: alinunua chupa ya kupeleka nyumbani. Nilimwambia. Kabla hatujarudi hata Mudaka kwenye basi ilikuwa imeshaanza kulia ndani ya mkoba, na tulipopanda kizibo kikaruka, kikampiga dereva kisogoni. Tuliteremshwa hapo hapo. Tukakaa juu ya ukingo wa barabara, tukaimaliza.